Mwisho wa Wimbo wa Tisa

Ndelilio wa Marangu hujivunia mambo mawili: kahawa yake na mwisho wa wimbo wa tisa. Kwenye kahawa hatuna neno.

Wimbo huo umo kwenye kanda aliyoachiwa na mgeni ambaye yeye Ndelilio alimwongoza kupanda mlima mwaka 1998. Ilikuwa albamu ya bendi ya roki nzito, magitaa yananguruma mpaka ng'ombe wanaacha kula. Mgeni alikuwa ameirekodi mwenyewe, na upande wa pili ukaisha katikati ya wimbo wa tisa: gitaa linapanda, linapanda, halafu pap, kimya. Ndelilio, mpiga tarumbeta wa usharika, alishindwa kuvumilia. Akautungia mwisho, akaupuliza kwenye harusi na vipaimara, na akaapa kwamba ndivyo bendi yenyewe ilivyomalizia. Mkewe, Elisifa, hakumwamini hata siku moja.

"Baba Winfrida, kwani ulikuwepo wakipiga?"

"Mwanamuziki anajua wimbo unakoelekea, mama."

Desemba iliyopita binti yao Winfrida alikuja Krismasi kutoka Dar na habari: albamu imetolewa upya, imesafishwa, nyimbo zote kamili. Anayo kwenye simu, na spika ameleta. Ndelilio alicheka, lakini si sana. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika miaka ishirini na saba.

Mchana wa Krismasi, kiburu cha ndizi na maharage kikiwa mezani, ukoo mzima ulikaa uani kusikiliza. Shemeji yake Aminieli alikaa mbele kabisa, kusudi amwone vizuri akiumbuka. Wimbo wa tisa ukafika pale kanda ilipokatikia, ukapita. Ndelilio akafumba macho. Gitaa likapanda, likapanda tena, kisha sauti ikaanza kupungua, ikapungua, mpaka ikasikika migomba tu. Bendi haikumaliza. Walipunguza sauti, wakaenda zao.

"Ndiyo hivyo tu?" Aminieli aliuliza, kaudhika kama aliyedhulumiwa.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Elisifa. Aliingia ndani, akatoka na tarumbeta, akaifuta kwa kanga yake na kumkabidhi mumewe.

"Winfrida, urudie," alisema. "Na wewe, Baba Winfrida, wakianza kupunguza, wamalizie."

Ikabidi Winfrida aurudie mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mzee alishindwa kupuliza kwa kucheka.