Sharti la Baba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Zinakuja mbio, zinaondoka mbio, na katikati hapo ninakuwa nimekwisha kusema ujinga. Mwaka ule nilikuwa natengeneza programu ya vitabu vya ubatizo vya parokia yetu, kule mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, na mama yangu alikuwa msaidizi wangu. Tuseme ukweli: msaidizi nilikuwa mimi. Mama alikuwa karani wa parokia tangu sijaota meno, na vile vitabu vikubwa, vilivyoliwa pembe na mende, alivijua kuliko sala zake za asubuhi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kwenye programu, kabla mashini haijakubali kitu chochote, lazima ukitangaze. Unasema: kuna kitu kinaitwa Mubatizwa. Halafu unataja sifa zake moja moja: jina, siku ya kuzaliwa, mama, baba, baba wa batizo, yaani msimamizi. Kisha kila sifa unaipa masharti. Hii ni lazima ijazwe. Hii ikishajazwa isibadilishwe tena. Hii ibaki ndani, isionekane kwenye karatasi inayochapwa. Ni maneno mafupi tu unayabandika kando ya sifa, lakini mashini inayashika kuliko askari wa barabarani.

Jina: lazima, isibadilike. Mama: lazima, isibadilike. Nilipofika kwa baba sikufikiri hata kidogo. Lazima! Lubumbashi hii nani atakosa baba? Kwetu mdogo wa baba ni baba, mkubwa wa baba ni baba, mume wa mama mdogo naye ni baba. Mimi mwenyewe nina kama saba, na wote wanajua kunituma. Kwa baba wa batizo nikaweka: si lazima, isionekane, maana nilitaka karatasi iwe fupi, ipendeze. Nikajisifu, nikaenda kula bukari, ugali wetu.

Siku za kwanza tulienda vizuri. Mama anasoma, mimi naandika, tunataniana. Mara moja moja mashini iligoma. Mama mmoja alitoka mbali, Kasomeno, kuja kuchukua cheti kipya, na kitabuni, penye jina la baba, palikuwa na kistari tu. Nikamwambia arudi kwao akaulize.

"Bila baba haipite, mama," nilimwambia, kama vile ni mimi niliyeumba dunia.

Yule mama alikunja cheti chake cha zamani ndani ya kikwembe, kitenge alichojifunga, akaondoka. Mama yangu alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Sasa, wakati huohuo wazazi wangu walikuwa na harusi. Eeh, wazazi wangu! Walioana kimila kabla sijazaliwa, wana wajukuu wanne, lakini kanisani walikuwa hawajapita. Padri alitangaza ndoa za pamoja kwa wazee kama wao, na baba alifurahi mpaka akawa anajaribisha koti kila jioni mbele ya kabati. Kila mmoja alitakiwa kuleta cheti cha ubatizo kabla ya Ijumaa saa sita. Asiyekuwa nacho angengoja mwaka mwingine, na baba, kwa ugonjwa wake wa presha, hakupenda kusikia habari za mwaka mwingine.

Cheti cha baba kilichapwa Jumatatu. "Na chako?" nikamwuliza mama.

"Kesho."

Jumanne, kesho. Jumatano, macho yanamwasha. Alhamisi nikalipuka.

"Aka, mama! Bantu bote umewaandika, wewe tu umebaki! Au hautaki tena kuolewa na baba?"

Mama alisimama, akatoa kitabu cha zamani kabisa chini ya kabati, akakifungua mbele yangu na kuweka kidole. Jina lake. Jina la mama yake. Penye baba, kistari.

"Na nkambo?" nikauliza. Nkambo, yaani babu yangu, yule mzee wa reli aliyenifundisha baiskeli. Msiba wake nililia mpaka sauti ikaisha.

"Nkambo njo alinilea. Alikuwa bwana ya yaya ya mama, dada yake mukubwa. Ule mwenye kunizala alikataa kuandikwa. Siku ya batizo padri alimungojea mupaka saa sita."

"Basi tuandike nkambo," nikasema. "Nani atajua?"

"Kitabu kitajua. Na weye mwenyewe ulisema ikisha kuandikwa haibadilike tena. Unataka niende kuapa mbele ya Mungu na uongo yenye haibadilike?"

"Basi naweza kuweka neno lijiandike lenyewe pakiwa patupu. Hajulikani."

"Hajulikani?" Mama alicheka, lakini vibaya. "Miye namujua! Alikuwa anapita mbele ya nyumba yetu kila siku ya soko." Akaketi. "Sikia. Majuma mbili niko naona mashini yako inarudisha bantu. Kila mara nasema, sasa ni miye. Na haiko mwingine, ni mutoto yangu mwenyewe njo aliandika asema muntu bila baba haipite."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mama wa Kasomeno alipoondoka sikuumwa hata kidogo. Nilitaka kuomba msamaha nikashindwa, basi nikageukia kazi. Nikafungua ile sifa ya baba, nikafuta neno moja, lazima. Nikaongeza sharti lingine: pakiwa patupu, mstari wote usichapwe, wala kistari kisibaki.

"Soma, mama. Tuandike."

Alisoma polepole. Jina, siku, mama. Baba tukaruka. Nikanyoosha mkono kubonyeza.

"Ngojea. Hauyamaliza bado."

Kidole chake kilikuwa kimesogea mpaka safu ya mwisho, ya baba wa batizo. Pale, kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, nkambo alikuwa ameandika majina yake mwenyewe, yote matatu.

"Saa sita ilipopita," mama alisema, "alisimama, akaambia padri: kama pale pa baba haiwezekane, munipatie fashi ingine."

Na hiyo nafasi nyingine mimi nilikuwa nimeificha ili karatasi ipendeze! Nikairudia sifa ile, nikageuza sharti lake: ionekane. Tukachapa.

Mama alivaa miwani, akaichukua karatasi ikiwa bado ya moto. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Tafuta namba ya ule mama wa Kasomeno."

Nikapiga simu mwenyewe. Nilianza na samahani, nikasema mara tatu kabla sijajua la kuongeza, na yeye akaniuliza tu cheti kitakuwa tayari siku gani.

Nilipokata simu, mama alikuwa bado ameishika karatasi kwa mikono miwili. Aliyaita majina ya nkambo kwa sauti, yote matatu, kama padri anavyoita watu siku ya harusi. Akangoja kidogo, halafu akaitikia kwa niaba yake.

"Iko hapa," akasema.