Suti ya Baba na Nondo Wake

Nondo wa sufu ni mdogo kuliko punje ya mchele, na wetu alikuja Durban ndani ya suti kutoka Ubelgiji. Nondo wengine hufuata taa, huyu huikimbia. Anataka giza na nguo isiyoguswa na mtu. Hapo hutaga, na watoto wake hula. Baba yangu Anatole alimpa vyote hivyo, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Baba alilinda magari ya watu mtaa wa Greyville, na koti lake la ulinzi lilikuwa limechanika kwapani. Suti aliletewa na Hardy, mume wangu, Mkongomani, siku ya mahari, maana kwao baba wa msichana lazima avishwe. Nyeusi, sufu tupu. Baba aliipapasa mara moja, akaifungia kwenye valisi chini ya kitanda.

"Hii nitavaa siku nashuka Bujumbura," alisema. "Siwezi kurudi kwetu kama maskini."

Hata kwenye harusi yangu hakuivaa! Alinisindikiza altareni na lile lile koti la ulinzi. Nikimwomba aianike tu, ananifokea nisiguse safari yake. Safari gani, na mtu hajauliza hata bei ya tiketi? Mzee mbishi, nilimchoka kabisa.

Mwaka 2015, wiki ya ubatizo wa mwanangu, baba mdogo Pierre-Claver alipiga simu kutoka Bujumbura.

"Usikuje, kaka. Watu wanakimbia risasi. Hata sisi tunatoka."

Baba alibaki ameishika simu. Jumapili asubuhi akaniambia, "Spès, leta valisi. Nitavaa kwa ubatizo."

Niliifungua mwenyewe. Vidudu vya rangi ya majani makavu vilikimbilia ndani ya kola. Mgongoni palikuwa na tundu la kupita ngumi.

"Eish, Papa! Unaona? Mimi mtoto wako ulininyima, wadudu ukawalisha!"

Aliikung'uta, akaivaa, akafunga vifungo vyote.

Kanisani padri alimwita babu asogee karibu na maji. Waliokaa nyuma yetu wakaanza kucheka. Nilimpa Hardy mtoto, nikaenda kusimama nyuma ya baba, nikaliziba lile tundu kwa kiganja. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Nilikuwa bado na hasira naye, na sikuutoa mkono mpaka tulipotoka nje.