Chai Niliyompikia Mama Mkwe

Mimi ni karani wa pamba hapa Ngokolo, na nikitoka kazini hukaa zaidi jikoni kuliko barazani. Wenzangu hunicheka kwa hilo, na leo nawaongezea sababu.

Mama mkwe alikuja kumtunza mke wangu aliyejifungua, akafika magoti yamevimba. Kwetu Usukumani mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe, kwa hiyo sikuweza kumwuliza anatumia dawa gani. Mke wangu ningeweza kumwuliza, lakini mtu aliyesoma kama mimi aulize mambo ya chai? Nikachagua mchaichai wa uani, tangawizi ya dukani, na magome niliyoyakuta katika furushi la mama mkwe lililoachwa jikoni, nikaamua kwamba hiyo ndiyo dawa yake ya uvimbe. Nikachemsha hadi maji yakawa mekundu, nikaacha birika mlangoni pake. Siku tatu birika lilirudi tupu, nami nikatembea kifua mbele.

Siku ya nne nikiwa uani nikamsikia mama mkwe chumbani na mke wangu.

“Mwambie mumeo magoti ni yale yale. Na yale magome niliyaleta nipake rangi kikapu cha mtoto.”

“Sasa mama, ulikunywa ya nini?”

“Mkwe gani mwingine amewahi kunichemshia chai? Ningemrudishiaje?”

Mke wangu akacheka mpaka mtoto akaamka.

“Baba Limi,” akaniita, “usije huku. Kikapu bado cheupe, ila ulimi wa mama umekolea vizuri.”