Moshi Uliohamia Matwebe

Niliondoka Kawetele kwa sababu ya simu ya mwanangu Ambakisye. Shamba analolima Masoko bado ni langu, akaomba ruhusa ang'oe migomba apande mibono, ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta ya magari. Mnunuzi aliwaambia gari la mafuta hayo haliichafui hewa ya dunia. Mimi shule niliionja tu, lakini mvua ya siku hizi inavyotuchezea naiona. Nikasema nakwenda kutoa baraka.

Asubuhi nilipanda bodaboda kupitia Tukuyu. Zamani njia hii tuliikata kwa miguu, tena na mzigo kichwani. Magoti wakati huo yalikuwa magoti. Tuyaache.

Masoko nilifika ukungu umeshapanda. "Ndaga, taata, karibu," Ambakisye akanipokea kwa salamu ya kwetu, ya mtoto kwa baba. Mkewe, Tuli, nilimsikia tu. Sisi Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto haonani wala hasemeshani na baba mkwe. Akikuona njiani anajitupa migombani.

Tulipoanza habari ya shamba, sauti ya Tuli ikatoka jikoni kwa mumewe: "Baba Sekela, mgeni wako anajua mbono hailiwi? Hata mbuzi anaikataa."

"Ndizi tutanunua kwa wenzetu wa Matwebe," Ambakisye akajibu.

"Na wao watazipanda wapi hizo za kutulisha sisi? Watafyeka msitu, wauchome. Moshi mmeuzima kwenye gari, mmeuwasha Matwebe. Mwambie."

"Taata, anasema kwamba..."

"Nimesikia, sina pamba masikioni." Kuku alikuwa anadonoa miguuni pangu, nikamwambia yeye: "Wee kuku, hilo mnunuzi hakulisema."

Jikoni kukachekwa. Ambakisye hakucheka. "Nyumba nzima inaongea na kuku! Nimeshaahidi watu, taata. Ndiyo au hapana?"

Nikatoka kuitazama migomba. Mingine niliipanda mwenyewe, kabla huyu anayenifokea hajazaliwa. Niliporudi nikasema: "Mibono ipande mpakani, iwe ua wa shamba kama zamani. Migomba usiiguse."

Mchana, wakati wa kurudi, Ambakisye hakunisindikiza. Kwenye kona ya njia nilikuta mkungu wa ndizi umelazwa juu ya jani, na migomba ya pembeni inatikisika bila upepo. Nikaushukuru mkungu kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, binti yangu."

Nilichojifunza ni hiki: ukiambiwa mafuta ni safi, usiishie kutazama bomba la gari. Uliza ni nini kiling'olewa, na nani atafyeka kwingine kujaza pengo.

Ambakisye hajapiga simu tena. Ndizi zimeiva vizuri.