Rafadha Isiyosimama Ghafla

Fundi wa kompyuta, jirani yangu hapa Kitale, hutengeneza rafadha, lile panga la pua ya ndege, katika programu ya kujifunzia urubani. Akizungumza, kidole chake huzunguka hewani. Kila Jumamosi huenda Chwele kutazama injini ya kusaga posho ikizimwa. "Wewe tena?" mama wa kinu humtania. "Leo umeleta mahindi ama macho tu?" Naye hucheka na kuinama, aone gurudumu linavyosimama. Mimi huwaonya vijana dhidi ya michezo ya kompyuta, lakini huyu nilimdhamini kwa rubani mstaafu wa Bungoma anayefundisha kwa programu hiyo.

Siku ya kukabidhi kazi, rubani alitosheka mapema. "Iko sawa, bana. Nipatie niende."

"Bado, mzee. Ukiizima inasimama ghafla. Ya kweli hurudi nyuma kidogo."

Rubani akasimama, akasema atatafuta mwingine. Nikaona neno langu limepotea. Fundi hakuinua kichwa. Aliandika, akafuta, akaandika. Kisha akazima injini. Rafadha ikapunguza mwendo, ikarudi nyuma kidogo, ikatulia. Rubani akavuta kiti, akaketi.

"Hebu izime tena."

Nikashusha pumzi.