Usiangushe Vitu vya Watu

Harufu ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wakiingia kwenye mafuta ya moto hunishika popote nilipo, na nimekuwa sehemu nyingi, maana miguu yangu haijawahi kujua kutulia. Safari hii ilinikuta Mbamba Bay, kwenye mgahawa unaotazama ziwa, nimeagiza ugali na nasubiri. Ila siku hiyo si harufu iliyonirudisha utotoni. Ulikuwa mlio.

Kwaa! Kwaa! Kwaa!

Ulitoka kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya friji la soda. Vijana wa nchi mbalimbali, hata ndevu hazijawakolea, walikuwa wakishindana mbio fupi za kuruka viunzi. Aliyekuwa mbele aligonga viunzi vitatu, vikalala kifudifudi nyuma yake. Yeye wala hakugeuka. Akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, akajifunika bendera.

"Huyu si watamwondoa?" nikamuuliza kijana aliyekuwa akihudumia.

"Kwa kosa gani, mzee?"

"Kaangusha viunzi vya watu."

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Kugonga ruksa, mzee wangu, mradi hukukusudia. Anayeumia ni yule anayeruka juu kama kaona nyoka. Wenzake wanakimbia, yeye yuko hewani."

Usipa walifika mezani wakiwa bado wanachemka. Nikawaacha wapoe.

Nilikulia Mkumbi, kwa Bibi yangu, mama yake baba, mimi na kaka yangu Kosmas. Shamba la Bibi lilikuwa mlimani, na kama mashamba mengi ya Wamatengo lilikuwa la ngoro: mashimo yaliyopangana mteremko mzima, kila shimo limezungukwa na matuta, ukiliangalia kwa mbali unasema sega la nyuki. Chini ya matuta kulilazwa majani, juu yake udongo mweusi, na juu ya udongo maharage ya Bibi.

Njia ya kwenda kisimani ililizunguka shamba lote. Ya mkato ilipita katikati. Bibi hakutukataza mkato. Alitukataza kukanyaga tuta. Jioni alipita akikagua, mgongo umeinama, na nyayo zetu alizijua kama sisi tulivyojua sauti yake. Akikuta alama, mwenye mguu alirudi shambani na jembe kulijenga tuta upya, wakati wenzake wanakula. Mimi nilikula ugali wa baridi mara nyingi sana. Kosmas, hata siku moja. Aliruka tuta, akatua ndani ya shimo, akaruka jingine, ndoo ya maji mkononi, magoti yakipanda mpaka kifuani.

"Mtoto huyu ana mifupa ya mbuzi," Bibi alisema kwa Kimatengo, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Alipoingia sekondari, mwalimu wa michezo aliona magoti hayo. Wakatengeneza viunzi vya mianzi, na kabla hatujazoea habari hiyo Kosmas alikuwa ameshinda Songea, kisha Dar es Salaam, kisha ikaja habari kwamba atapanda ndege kwenda kushindana na vijana wa nchi nyingine. Mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani, akanywa uji, akatueleza: akiingia watatu wa kwanza, kuna shule huko huko itakayomchukua, asome na kukimbia bila kulipa chochote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi ya safari alimshika Kosmas mikono yote miwili.

"Huko ni ugenini, mjukuu wangu," alimwambia. "Usiangushe vitu vya watu."

Kwa siku zote alizokuwa huko sikuweza kukaa chini. Nilikuwa nimeshalitangazia darasa zima kwamba kaka yangu harudi tena, na kwamba mimi nitamfuata.

Akarudi. Tulimpokea kituoni Kitai, aliposhuka kwenye basi la Songea na begi jipya begani. Alikuwa wa nne. Wa tatu alimzidi kifua tu.

Nyumbani alimwamkia Bibi, "Shikamoo, Bibi." Bibi aliitikia, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akauliza swali moja tu.

"Uliangusha?"

Kosmas alinyamaza kidogo. Nilidhani ni uchovu wa safari.

"Hapana, Bibi. Hata kimoja."

Bibi alipiga vigelegele, na majirani wakaja mbio. Jogoo aliyekuwa akisubiri Krismasi hakuiona Krismasi. Shuleni, mwenzangu Method, ambaye kazi yake ilikuwa kunichokoza, alinilaki getini: "Kaka yako kapanda ndege kwenda kuleta jasho!"

"Wenzake wote waliangusha!" nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka ofisi ya walimu. "Yeye hata kimoja!" Niliamini hukumu imetolewa vibaya, na kwamba huko ng'ambo hawajui kuhesabu makosa. Nimeishi na imani hiyo mpaka nywele zinaanza kuwa nyeupe.

Nikampigia Kosmas pale pale mgahawani. Siku hizi ana kahawa yake, watoto wanne, na shamba la Bibi.

"Kaka, kumbe kugonga ruksa!"

Akacheka, na nyuma yake nikasikia mkewe akiuliza kuna nini. "Umejua leo?"

"Wewe ulijua?"

"Mwalimu alinihubiria kila siku. Shusha mguu, Kosmas, pita chini, ukigonga gonga. Nikifika kwenye kiunzi naona maharage."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nimwambie Bibi maharage yake yamenichelewesha? Asingepanda tena, yule. Na alikuwa ameshapiga vigelegele."

Nilikula usipa wangu wamepoa. Nilikuwa nikikumbuka kile kimya chake kifupi mbele ya Bibi. Jibu alilompa ndilo lililokuwa limemkosesha shule, naye alilijua hilo wakati analisema. Alilisema kama zawadi, sisi tukalipokea kama medali, tukamchinjia jogoo.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Mkumbi. Kwa mbali nilimwona Kosmas mlangoni akinipungia kofia, na kati yetu mteremko wote wa ngoro, maharage yametoa maua. Njia bado inazunguka. Mimi ni mtu mzima, magoti yamechoka, begi lilikuwa zito, na Bibi tulimzika zamani. Hakuna wa kukagua nyayo zangu.

Nikakata katikati. Kwenye tuta la kwanza niliinua mguu juu, juu kabisa.