Jibu la Njiani

Mama Pindo, fundi wa nguo aliyepewa jina hilo kwa sababu pindo zake hazifumuki, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kumaliza saa nzima bila kujua mtu wake yuko wapi. Mumewe alikuwa dereva wa gari la mikate. Kila akimaliza sketi moja ya shule, mkono unaacha cherehani unashika simu. "Umefika wapi?" Na mume alikuwa hodari wa kujibu. "Nipo darajani." "Nipo kwa yule mwenye duka anayepiga domo." Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu. Akichelewa kujibu dakika tano tu, jioni ananuniwa mpaka chakula kinapoa. Ndivyo walivyopendana, na hakuna aliyewaonya.

Siku ile alimuuliza, "Leo utakula nini?" Jibu likaja nusu: "Pika cho". Gari la mikate lilikuwa limeingia chini ya lori lililoharibika kando ya barabara.

Msibani watu walimfariji kwamba ajali haina kinga. Aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alijua ile ilikuwa na kinga, tena ya bure: mke kunyamaza. Hilo hakumwambia mtu, hata binti yake wa pekee. Miaka minne ikapita na hamu ya mumewe ikimkaba bado. Alitamani kukisikia kile kikohozi chake cha asubuhi bafuni. Akipiga pasi, mkono ulitafuta kola ya shati lake la kazi.

Kisha binti naye akaajiriwa udereva, kusambaza dawa kwenye zahanati. Ugonjwa ukarudi kwa kishindo, na binti, mtoto wa baba yake, akawa anajibu papo hapo.

Mchana mmoja Mama Pindo alikwenda kununua zipu. Akiwa kwenye mlango wa duka akatuma swali lake. Muda si muda akaliona gari jeupe la dawa likija, binti kainama, macho magotini. Mwanamke aliyekuwa akivuka akaruka pembeni, beseni lake la nyanya likamwagika lote. Gari halikupunguza hata mwendo. Simu ikatetemeka mkononi mwa mama: "Niko salama, mama. Usiwaze."

Alirudi nyumbani bila zipu. Akisema ukweli, binti atamchukia, abaki hana mume wala mtoto. Akinyamaza, atamzika. Bora achukiwe.

Binti aliingia jioni akirusha viatu. "Mama, mbona cherehani kimya? Wateja wamekususa?"

"Kaa chini, mwanangu. Baba yako siku ile alikuwa anajibu ujumbe. Ujumbe ulikuwa wangu. Nimemuua kwa swali la jikoni."

Binti hakushtuka. Akaketi sakafuni, karibu na miguu ya mama yake. "Najua. Simu yake polisi walinikabidhi mimi. Niliusoma kabla hatujamzika."

"Unajua, na bado unanijibu ukiwa barabarani?"

"Ningefanyaje, mama? Nikichelewa kidogo nakuona hapa umeshika simu, unadhani nami nimekwenda. Sikutaka usubiri tena jibu lisilokuja."

Mama Pindo akalia kilio ambacho msibani kilimkwama. Alimlilia mumewe, na akamlilia huyu mtoto aliyembeba mama yake mgongoni miaka minne bila kulalamika.

"Mimi ni mtu mzima, nitasubiri," alisema. "Nikikosea nikakuuliza tena, nijibu kwa kufungua mlango. Basi."

Kesho yake alifungia simu kabatini, akampa jirani ufunguo. Alishona sketi kumi na moja mpaka jioni, na kila gari lililopita aliligeukia.